Nilikula Mimi, Mtoto Hakushiba

Kwa miaka mingi mwili wangu ndio ulikuwa bango la biashara yangu. Nauza madera Kariakoo, kwenye fremu ndogo iliyobanwa kati ya muuza mapazia na muuza vyombo vya plastiki, na wateja wangu ni wanawake wenye miili yao, wale ambao wakiingia maduka mengine huambiwa saizi yao imeisha. Sikuhitaji sanamu ya kuvalisha nguo. Asubuhi nilichagua dera, nikalivaa, nikasimama mlangoni. Mteja akipita ananitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, anasema, "Nataka kama hilo ulilovaa." Siku za kuelekea sikukuu nilikuwa navuliwa nguo mwilini, najibadilisha nyuma ya pazia mara nyingi hadi nasahau nilitoka nyumbani na rangi gani.

Kwa hiyo unene wangu sikuwahi kuuona kama tatizo. Wapagazi wakipita na mizigo waliniita bonge la mama, nami nikaitika. Mama yangu mzazi, tunayeishi naye, mwanamke mwembamba kama ufito, ndiye aliyejivunia zaidi. Majirani wakinisifia, yeye ndiye aliyeshukuru. "Huyu nimemlisha kwa mikono yangu," alikuwa akisema, na kuninyooshea kidole kama mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga.

Tulikaa kwenye ndoa muda mrefu bila mtoto, mpaka ndugu wa mume wangu wakachoka kuuliza. Mume wangu ana duka la mabomba, koki na masinki kule mtaa wa Gerezani, mtu mpole, mwenye jibu la kifundi kwa kila jambo. Siku niliyomwambia nina mimba alikaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaniuliza kama nina uhakika, kisha akaniuliza tena, kisha akaanza kupanga upya rafu ya viungio vya mabomba ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Mama alipopata habari alikwenda moja kwa moja jikoni. "Sasa unakula kwa ajili ya watu wawili," alisema. Kwa hesabu zake, mtu wa pili alikuwa na umbo kama la mume wangu. Asubuhi vitumbua na chai ya maziwa, saa nne supu na chapati, mchana wali wa nazi, alasiri kitu cha kushikilia mpaka jioni. Mimi sikubisha. Na kwa kuwa dera halisemi siri ya mtu, na tumbo langu lilikuwepo tangu zamani, soko zima halikujua nina mimba. Muuza mapazia, jirani ninayeongea naye kila siku, alikuja kugundua mimba ikiwa kubwa kabisa, tena kwa kuambiwa.

Siku ya kwanza kliniki tulikaa kwenye benchi wanawake wengi, waume wachache wakitazama simu zao. Nesi akaniita nipimwe presha. Alikizungusha kile kitambaa cha kipimo mkononi mwangu, kikafika kwa shida, kikashika kwa ncha tu. Akaanza kujaza upepo. Kitambaa kikavimba, kikavimba, halafu kikaachia kwa mlio wa kuchanika, kikaruka na kutua mapajani kwa dada aliyekaa jirani yangu. Yule dada akapiga kelele. Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka nao, maana ukiwa bonge unajifunza kucheka wa kwanza kabla hujachekwa.

"Mama, huu ni mkono au paja?" nesi akauliza.

Hapo sikucheka. Alikifunga tena, safari hii akikishikilia kwa mikono miwili, na kipimo kikatoa namba iliyomfanya aitazame mara mbili. Akaniambia nikae, nisitembee, nisiongee, na ikiwezekana nisiwaze. Mume wangu akaanza kunipepea kwa kadi ya kliniki. Nilikaa pale nikiwa na uhakika kwamba nakufa, na kilichoniuma zaidi ni kwamba nitakufa mbele ya watu waliotoka kuucheka mkono wangu.

Akaja daktari, binti mdogo kwangu, mwenye miwani na sauti ya chini. "Shikamoo mama," akaniamkia, na hiyo peke yake ilishusha kitu fulani ndani yangu. Alikuwa amebeba kitambaa kingine, kipana, alichokiomba wodi nyingine. Alinifunga vizuri, akanisubirisha nitulie, akapima.

"Kile cha kwanza kilikuwa kidogo kwako," alisema. "Mkono mnene ukiupima kwa kitambaa kidogo, kinakuzidishia presha ambayo huna. Ila mama, hata hiki kikubwa kinasema presha yako imepanda kidogo. Haitishi, lakini tutaifuatilia."

Akatuingiza ofisini na kutueleza. Nilitegemea maneno niliyokwisha kuyasikia maisha yangu yote, punguza kula, huoni aibu. Hakuyasema. Alisema tu kwamba mama mwenye uzito mkubwa anabeba mimba na moyo ambao tayari una kazi nyingi, na kwamba tunatakiwa kuangalia damu inavyokwenda kwa mtoto.

Mume wangu akasogeza kiti. Hatimaye mtu alikuwa anaongea mambo ya mabomba.

"Kwa hiyo daktari, yameziba. Hakuna dawa ya kuzibulia?"

"Hii siyo sinki, baba," daktari alisema. Alijitahidi asicheke. "Mishipa inayopeleka damu kwenye mji wa mimba inatakiwa ilegee na kutanuka, ili damu ipite kwa wingi bila kusukumwa sana. Kwa baadhi ya akina mama wenye uzito mkubwa, mishipa inakuwa migumu, haitanuki inavyotakiwa. Moyo unasukuma kwa nguvu, presha ya mama inapanda, lakini kinachofika kwenye kondo la nyuma ni kidogo. Na kondo ndilo linalomlisha mtoto."

Mume wangu alifikiri. "Yaani inatakiwa iwe ya mpira, imekuwa ya chuma."

"Hapo umenielewa."

Wiki ile nzima hakuna mteja aliyenunua koki dukani kwake bila kuelezwa habari za mji wa mimba.

Daktari alinipa vidonge vidogo vya asprini vya kumeza kila siku, vya kusaidia kuzuia kifafa cha mimba. Akaniambia nisijinyime chakula, mimba siyo wakati wa kujikondesha, ila nipunguze soda, sukari na vya kukaanga, nitembee kila siku, na mimba ikikua nilale ubavu, nisilale chali, maana mtoto na tumbo vinakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo.

Nyumbani mama alizishika zile asprini kwa ncha za vidole. "Hizi ni za kichwa. Wewe unaumwa kichwa?"

"Ni za damu, mama."

"Damu yako ina nini? Umenyonya maziwa yangu miaka miwili." Akaenda zake jikoni, na muda si mrefu nikasikia mafuta yakichemka.

Hapo ndipo nyumba yetu ikagawanyika. Mume wangu akawa upande wa daktari, mama upande wa vitumbua, na mimi, kusema kweli, nilikuwa upande wa vitumbua lakini kwa siri. Mume wangu alileta kipande cha bomba nene la plastiki, akakizungushia taulo, akakilaza nyuma ya mgongo wangu ili nikigeuka chali kinigonge. Kilinigonga kweli. Alimwaga soda zilizokuwa kwenye friji, na jioni baada ya kufunga maduka akawa ananipeleka kutembea kwenye bustani ya Mnazi Mmoja.

Matembezi yale yalikuwa jambo la kutazamwa. Mimi mbele, dera limejaa upepo kama turubai, mume wangu nyuma na mwavuli na chupa ya maji, akinisomea hatua kwenye simu yake. Siku moja mzee mmoja aliyekuwa anapita alisimama akatuangalia, akamuuliza mume wangu kwa upole, "Maandamano ya nini haya, kijana wangu?"

Nikichoka nilikaa kwenye ukingo wa bustani. Kila siku, kama kwa bahati tu, mama naye alikuwa anapita hapo akitoka kwa rafiki yake. Mume wangu akiinama kufunga kamba za viatu, mkono wa mama unatoka ndani ya buibui na kunitilia kitu kiganjani, kingali cha moto. Niliweza kutafuna kitumbua kizima bila kufumbua mdomo. Jioni moja mume wangu alinigeukia ghafla kuniuliza swali nikashindwa kujibu, mashavu yamejaa. Alinitazama, akamtazama mkwe wake. Mkwe akatazama magari yanayopita.

"Shikamoo mama," mume wangu akasema mwishoni.

"Marahaba baba," mama akajibu, na kufunga mkoba wake.

Mimba ilipofika kwenye miezi ya mwisho mwisho, daktari alitaka nipige altrasaundi nyingine, ile ya kuangalia mwendo wa damu. Siku hiyo mume wangu alikuwa anapokea mzigo, kwa hiyo nilikwenda na mama, ambaye alikuja kwa shingo upande na kikapu. Nililazwa kwa ubavu, nikapakwa ile dawa ya baridi, na daktari akawa anasukuma kile kifaa tumboni. Ilichukua muda. Alinieleza bila kunisimanga kwamba mafuta ya tumbo yanafanya picha iwe na ukungu, ndiyo maana anabonyeza sana.

Kwenye kioo zikatokea rangi, nyekundu na bluu, zikipigapiga. Akabonyeza kitufe tukaanza kusikia. Ilikuwa sauti ya kufagia, fya, fya, fya, kama mtu anafagia uwanja kwa chelewa. Mama alisimama kutoka kwenye kiti.

"Hicho ni nini?"

"Ni damu, bibi. Inakwenda kwa mjukuu wako."

Mama akakaribia mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Daktari alipima hapa na pale, akapima tena, kisha akaweka kifaa chini.

"Mtoto ni mdogo kuliko umri wake," alisema. "Damu inafika kwa shida. Siyo kwamba haifiki, lakini inasukumwa kwenye njia ngumu. Tutakuwa tunamwangalia mara kwa mara."

Nilitazama tumbo langu, mlima ule. Watu wote walikuwa wananitabiria dume la kilo nyingi, wengine walisema mapacha.

"Mdogo?" mama akasema. "Haiwezekani. Huyu anakula. Mimi ndiye namlisha, naapa, anakula kila siku, mume wake akigeuka tu. Vitumbua vyote vile vimeenda wapi?"

Daktari hakucheka. "Vimebaki kwa mama, bibi. Mtoto hali chakula, anakula kile ambacho damu inamletea. Damu isipopita vizuri, mama anaweza kula ng'ombe mzima na mtoto akabaki na njaa. Siyo kosa lako wala lake. Kuna akina mama wanene wenzake wanaozaa watoto wakubwa kupita kiasi, mpaka nayo inakuwa shida. Huyu wake imemwangukia upande huu."

Mama alikaa. Baadaye akaomba asikilizishwe tena ile sauti, na daktari akamfungulia. Alisikiliza ameinamisha kichwa, midomo inatikisika. Tulipotoka nje alikuwa bado ameshika kikapu chake kilichofunikwa, harufu ya hiliki inatoka, na akampa chote mlinzi wa getini. Kwenye bajaji alilia kimya kimya akijifuta kwa ncha ya mtandio.

"Nimekulisha wewe, nikadhani namlisha yeye," alisema.

Nilimshika mkono.

Kesho yake alinunua raba nyeupe. Nilimuona anakuja dukani, buibui juu, raba chini, akitembea kama askari. Tangu siku hiyo mume wangu, aliyejiona mkali, aligundua kwamba yeye alikuwa anacheza tu. Mama alitufukuzia muuza bagia aliyezoea kusimama mlangoni kwetu. Alipika mchemsho wa ndizi na samaki, mboga nyingi, mafuta tone. Mnazi Mmoja hatukukaa tena kwenye ukingo wa bustani. Na tukipita sokoni alitangulia mbele akipiga kelele, "Pisheni, pisheni, ana mishipa huyu!" Watu walipisha haraka, wengine wakifunika midomo, wakidhani ni ugonjwa wa kuambukiza.

Halafu ikaja asubuhi moja nikiwa dukani nafungua robota la madera mapya. Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu nilipoamka, na kila nikitazama zile nguo niliona vimulimuli vinacheza. Nikadhani ni shanga za nguo. Mama alifika na chai yangu isiyo na sukari, akanitazama, akaweka chupa chini.

"Uso wako umevimba."

"Mama, uso wangu umevimba tangu niko shule ya msingi."

"Ule ni unene. Huu ni uvimbe. Mimi nimekuzaa, nayajua mashavu yako." Akabonyeza mguu wangu kwa kidole gumba, na shimo likabaki palepale likitutazama. "Unaona vizuri?"

Nikamwambia kuhusu vimulimuli. Alivuta mlango wa duka chini kwa mkono mmoja, mama yule mwembamba, na robota likiwa bado liko nje.

Tatizo ni kwamba siku hiyo mtaa wetu ulikuwa umefungana. Lori la mzigo limekwama, mikokoteni imekwama nyuma yake, hata pikipiki haipiti. Bajaji ilikuwa inapatikana barabara kubwa tu, na mimi miguu ilikuwa imegoma. Mama akaangaza huku na huku, akamkamata mpagazi mmoja, mtu mzima mwenye mkokoteni mtupu, anayejua vichochoro vya kutokea barabara kubwa.

"Mpakie huyu."

Mpagazi aliniangalia kwa jicho la kazi. Nilianza kuomba radhi kwa uzito wangu, na yeye akanikatiza. "Panda mama. Majora ya suti ni mazito kuliko wewe, na hayashukuru."

Nikapandishwa. Muuza mapazia alinitandikia mapazia yake, akaniwekea robota langu la madera mgongoni niegemee. Nililala ubavu, kama nilivyofundishwa, nikasukumwa katikati ya Kariakoo mchana kweupe. Mama mbele na raba zake. "Pisheni! Pisheni!" Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maisha yangu, mkono wangu upo tumboni natafuta kama mtoto anacheza, na pembeni nasikia mtu anauliza kwa sauti, "Huyo kanunuliwa jumla au rejareja?" Nilicheka. Kichwa kilikuwa kinapasuka na nilicheka, na nilipocheka mtoto alinipiga teke dogo, nikaanza kulia. Mpagazi akadhani ameniumiza, akapunguza mwendo, na mama akamgombeza aongeze.

Barabara kubwa tulipata bajaji, na hospitali walinipima kwa kile kitambaa kipana, hakuna aliyetania. Presha ilikuwa juu mno, na mkojo ulikuwa na protini. Daktari wangu alikuja akaangalia mwendo wa damu ya mtoto tena, safari hii kwa haraka, bila kutufungulia sauti.

"Mama, tusisubiri," alisema. "Mtoto anapata kidogo sana sasa, na wewe uko kwenye hatari ya kifafa cha mimba. Tunakutundikia dawa ya kukinga, halafu tunamtoa leo."

Mume wangu alikuwa amefika, shati limechafuka kwa grisi. Nilimsubiri aulize chochote, inchi ngapi, presha gani. Badala yake alinishika vidole vya mguu, ndiyo sehemu pekee iliyokuwa haina mpira wala waya, na hakuviachia mpaka tulipofika mlango wa chumba cha upasuaji.

Alizaliwa msichana. Mdogo mno, wa kubebeka kwenye viganja viwili, na sauti yake ya kwanza ilikuwa kama bawaba isiyotiwa mafuta. Nililia kwa furaha kusikia bawaba ile. Siku iliyofuata, presha yangu ilipotulia kidogo, nesi alimleta akiwa na kofia na soksi tu, akamlaza kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja kwa kanga. Watoto wadogo hawawezi kujipasha joto, alisema, inabidi mama awe jiko.

Wodi ile ilikuwa na akina mama kadhaa wa watoto kama wangu, wengi wembamba, wanahangaika kumkaza mtoto asiteleze. Wangu alizama kifuani akapotea, kofia tu ndiyo ilionekana. Alilala. Nesi alipokuja kumpima joto alitingisha kichwa. "Wewe umebarikiwa godoro," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mimba ianze neno juu ya mwili wangu liliniingia vizuri. Mama alikuwa anakaa pembeni ya kitanda saa za kuona wagonjwa, anaangalia ile kofia inavyopanda na kushuka. Alikuwa anahesabu pumzi.

Tulitoka baada ya muda, mtoto akiwa ameanza kuongezeka, mimi nikiwa na dawa za presha za kuendelea nazo nyumbani. Nilipungua kiasi, siyo sana. Wateja wangu bado wananiona mlangoni na bado wanataka kama lile nililovaa. Binti yangu hivi sasa anatembea kwa kushika shika vitu, ana mikono miembamba na kelele nyingi.

Mara ya mwisho tulipokwenda kwa daktari tulikwenda wote wanne. Alinipima, akaandika, akasema presha imekaa mahali pazuri, ila nisiache kuipima kila mara, hata nikijisikia mzima, maana aliyewahi kupata shida hii kwenye mimba anatakiwa kuuangalia moyo wake maisha yake yote. Kisha akavua miwani. "Na mkitaka mtoto mwingine, msije mkiwa tayari na mimba. Njooni kabla, tupime presha, sukari, tuzungumze uzito, tujiandae."

Mume wangu akatazama dari. Mimi nikatazama sakafu. Binti yetu alikuwa anatafuna kamba ya kipimo cha presha.

Mama akasafisha koo. "Hiyo kabla, daktari," akauliza, "tukija Jumatatu, tutakuwa tumechelewa?"